Hatua Mia Tatu na Kumi na Mbili

Bwana wa kuandikisha nyumba alipofika kwa shangazi yangu, Msambweni, nilikuwa nimekaa kizingitini namenya mihogo, na papo hapo nikajua huyu ni mtu wa kupatana naye. Alikuwa amechoka, jua limemtwanga, na mkononi ana simu bapa kubwa kama sinia ya chai. Alieleza kwa adabu. Kule juu mtoni kimefungwa kipimo cha maji, na kila nyumba itatiwa alama kwenye ramani. Maji yakipanda, mtambo wenyewe utapiga simu na kusema kwa sauti ya mtu, kila nyumba iambiwe linaloihusu. Walio bondeni wataambiwa watoke. Walio juu, kwenye lami, wataambiwa watulie, wasishuke kushangaa mto.

Maneno yote hayo yalinipita. Nilisikia "kuandikisha" tu. Kwetu mtu akija kuandikisha, nyuma yake kuna unga wa msaada. Jamaa zetu wa Kinango wameandikishwa miaka nenda miaka rudi, na wote husema neno moja: lori la unga halishuki bondeni. Husimama kwenye lami, likaanza na nyumba zilizo karibu.

"Alama ya shangazi itie pale dukani, kwenye lami," nilimwambia.

"Dada, alama hukaa nyumba ilipo."

"Nyumba iko hapa, lakini mwenyewe hushinda kule. Auza ndizi."

Shangazi hajapata kuuza ndizi hata moja maishani mwake. Alikuwa nyuma yangu, akakohoa. Nami nauza nguo za mitumba Ukunda, kwa hiyo namjua anayekataa kwa moyo na anayekataa kwa sababu ya jua. Nilimkatia bwana yule dafu. Akakataa bado. Nilipomkatia la pili, alama ilipanda mpaka kwenye lami, ikakaa sawasawa ubavuni mwa duka. Alipoondoka nilizihesabu hatua toka mlangoni kwa shangazi hadi pale, nijue gunia litabebwa umbali gani. Mia tatu na kumi na mbili. Nikarudi nikihesabu tena. Zilezile.

Namba ya kwanza iliandikwa ya shangazi, ya pili yangu. Nikamkalisha nikamuusia: simu hii ikikwambia jambo, lifuate. Usiwasikilize majirani, wale huogopa hata ukungu.

Unga haukuja. Ikaja mvua, tena haikunyesha kwetu. Ilinyesha vilimani usiku kucha, na asubuhi Ukunda kulikuwa na jua la kuanika mashuka. Nilikuwa nabishana na mteja juu ya suruali wakati simu yangu ilipolia. Jirani yangu wa kibanda, muuza viatu, naye yake ikalia. Mama yake anakaa bondeni, nyumba ya tano kutoka kwa shangazi. Tulizipokea pamoja kwa sauti ya juu, tukicheka kwanza.

Yake ilisema: "Maji yanakuja. Tokeni sasa. Nendeni shuleni."

Yangu ilisema, kwa sauti ya mwanamke yuleyule, mpole kama anayekukaribisha chai: "Nyumba yako iko mahali salama. Kaa ndani. Usitoke."

Sauti ikarudia maneno yaleyale. Mteja akauliza kama suruali naiuza au siiuzi. Sikumbuki nilimjibu nini. Nilimpigia shangazi.

"Shangazi, toka hapo nyumbani!"

"Hujaniamkia."

"Shikamoo, shangazi. Toka!"

"Marahaba, mwanangu. Nitoke niende wapi? Yule mwanamke amenipigia, nikamjibu salamu yake, akaniambia nikae. Nimekaa."

"Majirani wako wapi?"

"Wamekwenda zao mbio na magodoro. Wameniita, nikawaambia yangu imesema nikae. Si wewe ulosema nisiwasikilize?"

"Nimekosea! Sasa nisikilize mimi."

"Umenambia nisikilize simu."

"Nami nakupigia kwa simu, shangazi!"

Nikasikia mlango ukifunguliwa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, kwamba njia haionekani, kuna maji ya rangi ya chai mpaka kwenye banda la mbuzi. Simu ikakatika. Niliipiga tena na tena, haikupatikana.

Nilipiga namba ya kituo cha maafa. Mwanamke aliyepokea alikuwa mtu kweli, si sauti ya mtambo. Nilimjua kwa kupumua kwake.

"Bondeni wametoka wote, mama," alisema. "Nyumba zote zenye alama zimethibitishwa. Huyo wako yuko juu, kwenye lami."

"Hayuko kwenye lami. Alama ndiyo iko kwenye lami."

"Sijakuelewa."

Maisha yangu yote nimezungusha maneno ili nipate bei. Siku ile sikuwa na pa kuzungukia. "Mimi nilimbembeleza mtu wenu aisogeze. Nyumba yenyewe iko chini, mwisho wa njia ya dukani, hatua mia tatu na kumi na mbili kuelekea mtoni. Yuko ndani, peke yake."

"Una hakika na hizo hatua?"

"Nimezihesabu mara mbili."

Nikasikia akimwambia mtu mwingine: "Rusheni droni. Mwisho wa njia."

Bodaboda iliniteremsha Msambweni palipokuwa mwanzo wa njia ya dukani, na sasa ni ukingo wa maji. Watu wa uokoaji walikuwa wameinamia kioo kidogo kinachoonyesha inachokiona droni. Nililitambua paa la makuti la shangazi, na la jikoni kando yake, yakisimama ndani ya maji kama vikapu viwili. Hakukuwa na mtu. Droni ikazunguka. Hakukuwa na mtu. Bwana aliyeishika rimoti akasema taratibu, "Betri inakwisha," na mimi nikamshika mkono, mtu nisiyemjua, nikamwambia, "Jikoni. Jikoni kuna uchaga, dari ya kuwekea mahindi. Teremsha pale."

Ikateremka. Upepo wa mabawa yake ukayapeperusha makuti yaliyolegea, na katikati yake ukatoka mkono. Mkono huo ulishika mwiko, ukawa unaipiga hiyo droni.

"Yuko hai," alisema bwana yule. "Na ana hasira."

Boti ilimleta akiwa amelowa mpaka kifuani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, naye akanitazama kama anayeangalia kitambaa akitafuta kilipotoboka.

Shuleni tuliwekwa kwenye foleni ya blanketi, shangazi akapewa benchi. Karani mwenye daftari alituuliza jina, tukamwambia. Akauliza nyumba iko wapi.

Shangazi alininyooshea kidole. "Muulize huyu. Yeye ndiye ajuaye ninakaa wapi."

Foleni nzima ilinigeukia.

"Bondeni," nilisema. "Nyumba ya mwisho kabla ya mto."

Karani aliandika bila kuinua uso. Shangazi alijivuta mbele kwenye benchi, akaitazama ile kalamu mpaka ilipotulia.