Stesheni ya Baba Rehema

Usiku ule nililala nimenuna, tena nimenuna kisawasawa. Binti yangu Rehema alikuwa amenipigia simu kutoka mjini kuniuliza nitaingia na wimbo gani ukumbini Jumamosi, kwenye sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Siku hizi mama mzazi haingii hivihivi. Anaingia akicheza, ndugu nyuma yake, na watu wote wanasimama. Nikamwambia nitaingia na muziki wa baba yake, la sivyo nitaingia kimya kama ninayekwenda kliniki. Akasema yeye anao wimbo mpya anaoutaka, akalia. Nikakata simu.

Muziki wa baba yake ndio huu: marehemu mume wangu aliiacha redio yetu kwenye stesheni ya dansi la zamani, asubuhi ile tuliyompeleka hospitali. Hakurudi. Nikachukua plasta nikaibandika kwenye kitufe cha kutafutia stesheni, na kwa miaka mitatu hakuna aliyethubutu kukigusa. Mgeni akikisogelea namwangalia tu, anarudi kukaa. Kila asubuhi magitaa yaleyale, tarumbeta zilezile, nami nachambua mboga nikijiona mke mwema.

Basi usingizi ukanichukua, nikajiona niko shambani nyuma ya nyumba, hapa kwetu Njombe, baridi kali imekwisha na miti ya mapichi imechanua hata kabla ya kutoa majani. Jua zuri. Baba Rehema anakuja akipita katikati ya miti, amevaa kabuti lake la kijivu, redio begani. Sikushangaa. Nilichoona kwanza ni kwamba amenenepa, nikafurahi sana, maana siku za mwisho alibaki mifupa.

"Kamwene, Mama Rehema."

"Kamwene. Umekula?"

Habari ya kula hakuijibu. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaiweka redio magotini na kuanza kuibandua ile plasta kwa ukucha, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Nataka kumzuia, mkono hauinuki. Plasta inatoka. Anazungusha kitufe.

Kwanza taarabu, mwanamke anamsema jirani yake kwa sauti tamu mpaka nikamwonea jirani huruma. Anazungusha. Kwaya, besi zinanguruma. Anazungusha tena, ni singeli, mbio tupu, sijui yule mwimbaji anapumua saa ngapi. Anazungusha, watu wanaimba kwa lugha ambayo siijui hata neno moja, na bado mwili unanisisimka. Kila sauti mpya inapotoka, mti mmoja unaongeza maua. Hapo nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa: mwanaume huyu hakuwahi kumaliza wimbo. Maisha yetu yote alikuwa akizungusha kitufe kile, akitafuta kitu ambacho hajawahi kukisikia, nami nikimpigia kelele kutoka jikoni, "Tulia mahali pamoja, baba!"

Sijui tulitokaje shambani. Tuko ukumbini, ukumbi hauna paa, maua ya mapichi yanadondoka juu ya viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, na mume wangu anacheza singeli na kabuti lake. Hajui kucheza. Hakuwahi kujua. Mguu mmoja unakwenda, mwingine unabaki kufikiria. Nacheka mpaka nashika mbavu, na humohumo kwenye kicheko nakumbuka jinsi ninavyomkosa. Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto.

"Na wimbo wako je?" namuuliza.

"Upi?"

"Wa stesheni yako. Ile uliyoiacha asubuhi ile. Nimekutunzia."

Anaacha kucheza. Ananitazama kwa huruma, kisha anaanza kutabasamu polepole, tabasamu lilelile la kunichokoza.

"Mama Rehema," akasema, "pale nilikuwa napita tu."

Miaka mitatu! Yeye anatikisa kichwa na kufunga vifungo vya kabuti, kimoja kimoja, nami najua anaondoka.

"Mwache mtoto achague," akasema. "Na wewe uingie ukicheza. Nataka kusikia kitu kipya."

Nilipoamka kulikuwa kumekucha, na nilikuwa nacheka peke yangu kitandani, mto umelowa machozi. Hata uso sikunawa. Nikampigia Rehema.

"Mama? Kuna nini asubuhi yote hii? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Niwekee huo wimbo wako niusikie."

Wimbo ukaanza. Niliusikiliza nimesimama katikati ya chumba, simu sikioni. Ngoma zilikuwa nyingi mno, kijana anaimba utadhani ana mafua, na maneno niliyoyashika hayakuzidi matatu. Kusema kweli sikuupenda. Niliusikiliza mpaka mwisho.

"Mama, upo? Unasemaje?"

"Rudia," nikamwambia. "Sijajua nianze na mguu gani."