Marimba ya Meli Nyeupe Iliyobaki Champlin

Baba alikuwa ameacha kula. Hiyo ndiyo sababu ya safari hii, maana kwa starehe nisingetoka kwenye theluji. Rehema, dada yangu anayemtunza Mombasa tangu kumbukumbu zake zianze kupotea, alinipigia simu alfajiri nikiwa kazini katika nyumba ya wazee, Burnsville, kusini mwa Minneapolis.

"Uji amekataa, samaki amekataa. Daktari asema akiendelea hivi, hatutakuwa naye sana."

Mkononi nilikuwa na kijiko, nikimlisha baba wa mtu mwingine.

Baba alikuwa mtumishi wa meza kwenye meli kubwa ya abiria ambayo watu wa rika lake waliiita Nyeupe. Iliundwa Uingereza baada ya vita, ikawa inapita Suez hadi kwetu Kilindini, kisha inateremka Durban. Saa ya chakula ikifika, Baba alipita kwenye korido akipiga marimba ndogo yenye vibao vinne vya shaba, kuwaita abiria. Nasi watoto alituita kwa sauti zile zile nne, akigonga vikombe kwa kijiko. Baadaye ndege ziliwachukua abiria. Meli ikauzwa, ikapewa jina jingine na rangi nyingine, na mwisho ikakatwakatwa vyuma huko Asia.

Marimba moja ya meli hiyo ilinusurika, na ilikuwa Champlin, mji mdogo upande wa kaskazini, nyumbani kwa Bibi Ruth. Mume wake ni mmoja wa wazee ninaowahudumia. Bibi Ruth alipanda Nyeupe akiwa mtoto, wazazi wake wakienda kuhubiri kwetu, na mumewe alimnunulia marimba hiyo mnadani. Aliniambia niende kuiona siku yoyote. Nikaichagua siku hiyo.

Saa moja asubuhi tukatoka kazini. Mapendo, Mkongo kutoka Uvira tunayefanya naye zamu moja na kuchangia gari, alininyang'anya ufunguo.

"Dada, uko na choka mingi. Utasinzia ku volani. Leta, miye nita-drive."

"Kwani wewe hujachoka?"

"Miye pia nachoka. Lakini yako inaonekana."

Barabara ya kwenda kaskazini ilikuwa na theluji chafu pembeni, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Magari yalitambaa. Minneapolis niliipita nikiwa usingizini, kichwa kikigonga dirisha, kwa hiyo msiniulize yale majengo marefu yanafananaje. Miaka yote hii nayapita nikienda kulisha watu au nikitoka kulisha watu.

Champlin tulimkuta Bibi Ruth mlangoni, na kahawa iko tayari. Marimba ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiwaza. Ingeingia kwenye sufuria ya ugali.

"Nikiisikia nilikuwa nakimbia," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mama alinigombeza kwa kuwapita watu wazima."

Nikampigia Rehema simu ya video. Kwao ilikuwa jioni, na sahani ya Baba iko mezani haijaguswa. Amekonda mpaka nikataka kuikata simu. Nikaielekeza simu kwenye marimba, Bibi Ruth akakishika kinyundo na kupiga zile sauti nne.

Baba aliinua uso. Macho yake yaliamka, na mimi nikafurahi kama mjinga. Kisha akaisukuma sahani, akasimama, akaanza kufunga vifungo vya shati hadi shingoni.

"Taulo langu liko wapi? Watu waingia mezani."

"Baba, kaa ule," Rehema akamsihi.

"Nile? Kabla ya abiria?"

Alikuwa amekasirika kweli. Alishika meza, na hakukubali kukaa. Nikalia. Nilikwenda kumpa hamu ya kula, nikampa kazi.

Bibi Ruth akauliza anasema nini. Nilipomtafsiria, aliweka kinyundo chini.

"Watumishi walikula mwisho," akasema. "Nilikuwa mtoto, nikadhani wao hawasikii njaa."

Ni Mapendo aliyepata njia. "Basi tumuambie watu wote walisha kula. Bibi akule mbele yake, amuone."

Bibi Ruth akakaa mbele ya simu na kipande cha mkate kwenye sahani. Alikila chote, taratibu, Baba amesimama akimwangalia. Akafuta mdomo, akasukuma sahani.

"Baba," nikasema, "huyo ndiye abiria wa mwisho. Amemaliza."

"Wamekwisha wote?"

"Wote."

Akakaa. Akala samaki, akala na ugali, ameinama, haraka haraka, kama mtu anayetarajia kuitwa. Rehema alikuwa analia pembeni na hakujificha.

Wakati wa kurudi tulivuka mto Mississippi kwenda Coon Rapids tunakoishi. Njia nzima niliwaza jinsi Baba alivyotusimulia Nyeupe: taa zake, vitambaa vyake vya meza, muziki wake. Njaa ya koridoni hakuitaja hata mara moja. Nyumbani pia alikaa mezani baada yetu, nasi tukadhani ndivyo alivyo tu. Sasa Rehema humpigia sauti zile nne alizozirekodi kwenye simu, hungoja kidogo, halafu humwambia abiria wamekwisha kula. Anakula.

Siku ile, karibu na nyumbani, Mapendo aliuliza, "Dada, wewe ulikula saa ngapi?"

Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa. Alisimamisha gari kando ya barabara, akatoa mandazi baridi kwenye mfuko wake wa kazini, akaniwekea mapajani.

"Kula. Abiria walisha kumaliza."