Bi Kamba na Kibali cha Moshi

Mtaani walimwita Bi Kamba, kwa sababu uani kwake kulikuwa na kamba kumi na nne za kuanikia nguo, na ole wake apitaye hapo na mikono michafu. Huo ulikuwa mwaka wake wa ishirini na mbili katika udobi. Mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya madaktari, hata vitambaa vya meza za halmashauri, vyote vilipita mikononi mwake. Kazi hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe, na ndiyo iliyomnunulia mama yake dawa za pumu.

Sasa, ng'ambo ya barabara, mwekezaji mmoja alitaka kujenga mtambo wa kuchoma taka ili uzalishe umeme. Umeme nani haupendi? Lakini bomba la moshi lingesimama hatua mia mbili tu kutoka kwenye kamba zake. Ripoti ya mazingira iliwekwa ofisini kwa halmashauri isomwe na yeyote atakaye, siku ishirini na moja, saa nne hadi saa sita, na ufunguo wa chumba, walisema, anao mtu aliyekwenda likizo. Ati huko ndiko kushirikisha wananchi! Bi Kamba alirudishwa mara tano. Mara ya sita alikwenda na kigoda, akaketi mlangoni kama mdai. Ufunguo ukaonekana kwenye droo.

Alisoma kurasa zote mia tatu, kidole kikifuata mstari. Ukurasa wa themanini na tisa ulidai kwamba upepo wa pale huupeleka moshi mbali na makazi. Akacheka hadi karani akamkodolea macho. Wataalamu walioiandika aliwaona mwenyewe siku waliyokuja kupima. Kipimo chao cha upepo walikisimika nyuma ya tangi la maji, kwa kuwa palikuwa na kivuli kizuri cha kukalia, mahali ambapo hata karatasi haitikisiki.

Kwenye kikao cha maoni akayasema hayo hadharani. Mmoja wa wataalamu wale akarekebisha tai yake.

"Mama, hii ni sayansi. Wewe upepo umeusomea wapi?"

"Kwenye kamba, mwanangu. Kila asubuhi unatoka barabarani unakuja kwangu. Kama unabisha, lete shati lako jeupe tulianike."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti, kwa aibu, akaamuru wajumbe wakajionee. Wakaja wanane kwa magari manne, na ofisi yao iko mtaa wa pili! Bi Kamba akaanika shuka moja tu. Upepo ukalijaza kutoka barabarani, likamchapa mtaalamu usoni. Mwenyekiti akamshika Bi Kamba mkono, akamwambia amewasaidia sana. Naye, maskini, akaamini.

Wiki mbili baadaye uamuzi ukasomwa. Kibali kimetolewa, kwa masharti tisa. Manane yalikuwa maneno matupu. La tisa lilisema hivi: kwa kuwa imethibitika kuwa moshi utaelekea kwenye makazi, wakazi wa upande huo wasianike nguo nje siku za uchomaji. Siku za uchomaji ni Jumatatu hadi Jumamosi.

Yaani ukweli wake mwenyewe ndio waliomfungia nao! Bi Kamba akasimama.

"Haya, nguo nitaanika ndani. Na mama yangu je? Mapafu yake niyaanike wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akatazama saa yake. "Maoni yako yamepokelewa, mama. Katibu, andika."

Katibu akaandika haraka, kama mtu aliyezoea. Bi Kamba akamwendea, akachungulia daftari. Ilikuwa imeandikwa: "Mkazi mmoja aliomba ufafanuzi, akaridhika."

Akampokonya kalamu. Akaukata mstari ule wote, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, huku wajumbe wakimtazama: SIJARIDHIKA. Halafu akamgeukia mwenyekiti, kalamu bado mkononi, akamuuliza rufaa inapelekwa wapi.