Mlango Alioukata Papa Kambale

Jumapili moja tulikuwa tunakula foufou na samaki wadogo wa sambaza, upepo ukafunga mlango. Neema akarusha sahani ukutani, akaniuma mkono mpaka damu ikatoka. Alikuwa na miaka tisa. Tulimchukua kambi ya wakimbizi Kibati, hana baba wala mama.

Nilikuwa dereva wa lori njia ya Butembo, mtu asiyetulia nyumbani. Siku ile nilimwambia mke wangu Asha kwamba nitamrudisha kambini.

"Hana roho mbaya," Asha akasema. "Angalia vizuri. Ni mulango tu."

Kweli. Huko kwao wenye bunduki waliwafungia ndani, yeye na wazazi wake, nyumba ikachomwa. Yeye peke yake alitoka. Na mimi, kila alipokosa, nilikuwa nikimfungia chumbani ili atulie.

Nikamwita jirani yetu hapa Katoyi, Papa Kambale, seremala. Nilitaka akate mlango katikati, nusu ya juu ifunguke peke yake.

"Papa Ramazani, umeanza kufuga mbuzi?"

"Ni ya mutoto."

Akaacha kucheka. Alikata huku Neema akimshikia misumari. Jioni ile Neema alimaliza chakula chake chote.

Miezi michache baadaye vita viliingia mjini. Asubuhi risasi zilianza upande wa uwanja wa ndege, zikasogea. Nyumba zetu ni za mbao. Majirani walifunga milango, wakalala chini.

Sisi tulifunga nusu ya chini tu.

Neema alilala kati yetu, akitazama kipande cha anga. Hakupiga kelele.

Mwenye bunduki mmoja akachungulia kwa juu.

"Leta telefone."

Nikampa. Akamtazama Neema, akaenda.

Yeye na wenzake wakagonga kwa Papa Kambale. Alichelewa kufungua. Wakapiga risasi kupitia mbao.

Tulimzika siku ya tatu. Mjane wake aliniuliza, "Kama angekata na mulango wa kwetu, angepona?"

Nilisema sijui. Pengine yule aliyechungulia kwetu alikuwa na haraka tu.

Sikurudi barabarani. Nikikumbuka ukungu wa mlima Kabasha asubuhi, lori likipanda polepole, miguu inaniwasha. Lakini Neema amekuwa msichana mkubwa, hasira zake zinakuja mara chache, na zikija ananitafuta mimi.

Pale msibani, mbele ya mwanamke aliyefiwa, nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba Neema ni mzima. Nikaona aibu. Bado nashukuru kila siku, na ile aibu haijaisha.