Fuwele ya Vanila Nyumbani kwa Mama Mkwe

Walisema nitarudi kubeba magunia. Baba yangu alikuwa mpagazi wa bandari ya Moroni, akitembea kila alfajiri kutoka Itsandra, na wakubwa wa bangwe walikuwa wameshanipangia maisha kabla sijaota ndevu. Bangwe ni uwanja wa mji ambako waliokwisha kufanya ndoa kuu, ile harusi ya kuulisha mji mzima, hukaa mbele na kusema, na sisi wengine husimama nyuma na kusikiliza. Nilipoondoka kwenda Ufaransa walisema nitaosha vyombo tu. Hapo walipatia. Niliosha vyombo vya maabara. Kutoka kwenye beseni nikahamia kwenye mashine, na kutoka kwenye mashine nikapata diploma, bila mjomba serikalini.

Nilirudi baada ya uhuru, wataalamu wa Kifaransa walipokuwa wameondoka na kuacha milango wazi. Siku ya kwanza bangweni, mfanyabiashara mmoja wa vanila, mwenye sauti kuliko wote, aliniuliza nimesomea nini.

"Fuwele," nikasema.

"Fuwele ndiyo nini?"

"Kama chumvi, sukari, almasi. Nachunguza zilivyo ndani."

"Jamani!" akawageukia wenzake. "Kijana wetu amekwenda Ulaya miaka yote hiyo kusomea chumvi! Sukari ikiadimika, atatupigia picha yake tuilambe."

Walicheka sana. Mimi nikawaambia, kutoka kule nyuma, kwamba picha hiyo nitaipiga, na nitaipiga hapa hapa visiwani.

Sikusema kwa kujitapa tu. Molekuli ndani ya fuwele hujipanga safu kwa safu, kama waumini msikitini. Ukipitisha mionzi ya eksirei katikati yao, safu hizo huitawanya mionzi pande maalumu, na filamu iliyowekwa nyuma hupata madoa. Anayejua kusoma madoa anajua safu zilivyo. Mashine ya eksirei ilikuwepo katika hospitali ya Hombo, mjini Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Na mke wangu alikuwa mtu wa Mutsamudu. Kwetu mume huhamia nyumba ya mke, basi nikafunga sanduku langu na kupanda meli.

Wakati huo mapinduzi yalikuwa yamewarudisha makarani wengi nyumbani, na kamati za vijana ndizo zilizoamua nani ana faida kwa nchi. Nilikwenda kwenye kamati kuomba darasa la sayansi lililokuwa limefungwa kwa kukosa mwalimu. Mwenyekiti, ambaye juzi tu alikuwa mwanafunzi, aliishika diploma yangu juu kwenye mwanga kama noti ya bandia.

"Raia, karatasi zimetuchosha. Tuonyeshe kitu."

Nikamweleza kuhusu picha.

"Utaipiga eksirei vanila? Ina kifua?"

"Nitaipiga."

"Vizuri. Shule zikifunguliwa uwe na picha, darasa ni lako. Ukikosa, bandarini wanahitaji watu wenye mabega."

Hakujua kazi ya baba yangu. Mimi nilijua.

Nilichagua vanila kwa sababu ni yetu. Maganda yaliyokaushwa vizuri huota juu yake unga mweupe wa sindano ndogo, nao ndio fuwele za ile harufu. Mfanyabiashara wa bangweni alikuwa ameniazima, kabla sijapanda meli, furushi la maganda yake bora. Nadhani alitaka kuona nitakavyoanguka. Sonara wa mji wa kale aliniazima kibano chake chembamba. Jirani aliniazima chupa ya chai. Muuguzi wa eksirei wa Hombo aliniahidi filamu moja, maana zilikuwa chache, na muda wa jenereta alasiri moja wagonjwa wakiisha. Sikukopa hata senti ya mtu. Nilikopa vitu, na kwa kila kitu nilitoa neno langu.

Watu hudhani kazi ngumu ni mashine. La. Kazi ngumu ni kuipata fuwele moja. Zile sindano za kwenye ganda ni nyembamba kama unywele, na mionzi hupita bila kuziona. Lazima ukuze kipande kinene, na kiwe kimoja kweli, kisiwe viwili vilivyoshikana. Nilikwangua unga kwa unyoya, nikauyeyusha katika maji ya moto na spiriti kidogo ya hospitali, nikauchuja kwa pamba, nikauacha upoe polepole. Ukipoa haraka unapata uji wa sindano. Ukitikiswa, vivyo hivyo. Vumbi likiingia, kila punje ya vumbi huzaa fuwele yake.

Na kwa hilo nyumba ya mama mkwe ilikuwa maabara bora kuliko niliyoiacha Ufaransa. Ghala ya chini ilikuwa na kuta za mawe na chokaa zenye unene wa mkono mzima, mchana na usiku joto lake ni lile lile, na katika vichochoro vyetu hakuna gari linaloweza kupita na kuitikisa sakafu. Maabara nyingi zingelipia nyumba kama ile.

Lakini kila mara nilivuna uji. Chombo cha kwanza, uji. Cha pili, uji. Nilibadilisha kiasi cha spiriti, nikafunika chombo kwa karatasi yenye matundu ya sindano, nikatundika mbegu, yaani fuwele ndogo nzuri, kwa uzi wa hariri. Asubuhi nakuta mbegu imezungukwa na mamia ya watoto. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Nilipata jibu siku niliyorudi mapema kutoka sokoni. Wageni wa mama mkwe walikuwa wameketi juu, kahawa imekwisha kunywewa. Kwetu mgeni haondoki bila kupewa harufu nzuri, marashi au udi. Mama mkwe alikuwa ameshika chombo changu, karatasi ameiweka kando, akikipitisha chini ya pua ya kila mama, mmoja baada ya mwingine.

"Nusa, dada yangu. Hii imetengenezwa na mkwe wangu, amesomea Ulaya."

"Mashaallah! Na inauzwa?"

"Inauzwa wapi! Hii ni ya nyumba hii tu."

Mmoja akakitikisa kidogo ili harufu ipande. Nilisikia sindano zikizaliwa.

Ungefanyaje wewe? Nyumba ni yake. Mkwe hamkosoi mama mkwe, tena mbele ya wageni, na kumtuma mke wangu akaseme kungekuwa kumkosoa kwa mdomo wa bintiye. Niliwaamkia wale mama, nikashuka ghalani, nikafikiri. Kufikiri ndiyo kazi niliyosomea.

Ijumaa iliyofuata, wageni wakiwa wamejaa, nilipanda juu na mrashi wa fedha wa mke wangu. Nilikuwa nimekusanya uji wote ulioharibika, nikauyeyusha upya katika spiriti na maji, nikaujaza humo.

"Mama," nikasema, "hiki ndicho cha wageni. Kile cha ghalani bado kichanga, hakistahili watu wako. Hiki ndicho kilichokomaa."

Aliupokea kwa mikono miwili. "Mnasikia?" akawauliza wageni. "Kumbe kile tulichokuwa tukinusa kilikuwa bado!"

Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa ghala. Nilikiweka chombo kipya, chembamba kama kidole, ndani ya chupa ya chai yenye maji ya uvuguvugu ili kipoe polepole, nikaiingiza ndani kabisa ya kidaka cha ukutani, na nikajikataza hata mimi kutazama. Nilipofungua, mbegu ilikuwa imenenepa peke yake: kipande safi, chenye nyuso bapa na kingo kali, kikubwa kama punje ya mchele.

Nilikipima kwa vioo viwili vya miwani ya jua, ile ya kuzuia mng'aro, nikiwa nimevipishanisha mpaka mwanga ukazimika. Ukiweka fuwele katikati na kuizungusha, iliyo moja hung'aa yote na kuzimika yote kwa pamoja. Pacha huacha upande mmoja unang'aa. Yangu ilizimika yote kama taa.

Vanila huruka hewani kama kafuri, ukiiacha wazi inapungua. Sonara alinivutia bomba jembamba la kioo kwa moto wake, nikaifungia humo. Akanitobolea pia kipande cha madini ya risasi tundu dogo la kupitishia mionzi, na kunikatia kisarafu cha risasi cha kuizuia ile inayokwenda moja kwa moja kwenye filamu.

Alasiri ya Hombo ilifika. Muuguzi alifungua daftari la wagonjwa.

"Jina la mgonjwa?"

"Vanila."

"Anaumwa wapi?"

"Haumwi. Anakuja kuthibitisha afya yake."

"Basi asipumue," akasema, akaenda kuwasha jenereta.

Tulipiga kwa vipande, tukiiacha mashine ipoe kila mara, sisi tukiwa nyuma ya ukuta. Fuwele ya aina hii hutawanya mionzi kwa udhaifu sana, ukiharakisha unapata filamu tupu. Jenereta ilikohoa, ikashuka, ikapanda. Muuguzi alinitazama. Nilimwambia tuendelee.

Ndani ya chumba cha giza niliitikisa filamu kwenye dawa, na katikati pakawa na kivuli cha ile sarafu ya risasi iliyozuia mionzi ya moja kwa moja. Kisha, kukizunguka, madoa yakaanza kutokea. Madogo, makali, mamoja mamoja, upande wa kulia ukifanana na wa kushoto kama viganja viwili. Hakuna doa lililopasuka mara mbili. Picha moja haitoshi kukupa mahali pa kila atomi, hilo huhitaji picha nyingi na hesabu ndefu. Lakini inatosha kuthibitisha kwamba fuwele ni nzima na aliyeikuza anajua kazi.

Mwenyekiti wa kamati aliishika filamu dirishani kama alivyoishika diploma. Safari hii hakuishusha upesi.

"Hizi nyota ni nini?"

"Njoo darasani utajua."

Akanipa ufunguo.

Siku hiyo hiyo nilianza kulipa. Jirani alipata chupa yake ya chai, imesuguliwa mpaka inang'aa, ingawa mpaka leo analalamika kwamba chai yake inanukia keki. Sonara alipata kibano chake, na nikamwachia vile vioo vya miwani. Muuguzi nilimwonyesha filamu aliyoniazima, akaitazama, akasema ndiye mgonjwa pekee aliyetoka kwake akiwa mzuri zaidi. Mama mkwe aliyeniazima ghala nilimjazia mrashi tena.

Likizo ya kwanza nikavuka kurudi Itsandra na furushi la maganda. Mfanyabiashara alilifungua bangweni, mbele ya watu.

"Umenirudishia vanila iliyonyolewa ndevu!"

"Ndevu zake hizi hapa," nikasema, nikampa kichupa chenye fuwele nene nilizokuza baadaye, na filamu juu yake.

Aliinua filamu kwenye jua. Wengine wakasogea. Akasogea kidogo kwenye benchi la mawe la mbele na kulipapasa jiwe pale palipoachwa wazi.

"Kaa, mwalimu," akasema. "Utueleze hizi nyota."

Nikakaa.