Mfuko Ndani ya Pindo

Tak! Mlio wa kidonge kikitoka kwenye pakiti yake bado nausikia, wazi kabisa kama cherehani yangu.

Mi ni fundi wa nguo hapa Magarama, Gitega. Nilikuwa mtu wa kucheka tu, naota siku moja nitawavalisha maharusi wa mji mzima. Kisha pikipiki ya abiria, taksi-moto, ikaniangusha, mguu ukavunjika. Hospitali wakanifunga plasta, wakanipa tramadol, vidonge vya maumivu. Maumivu yakalala. Na mimi nikawa mwepesi, kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Plasta ikatolewa, vidonge nikaendelea navyo. Kwetu dawa iliyobaki haitupwi. Anapewa mgonjwa mwingine, kama jirani anavyopewa chumvi. Kila mama aliyekuja kunipa pole nilimuuliza, "Hamna kidonge kilichobaki huko kwenu?" Wakanionea huruma, wakaleta. Nikashona mfuko ndani ya pindo la sketi, nikavificha humo.

Mwili ukabadilika. Choo kikawa kigumu mpaka nalia. Nikikosa dawa ni jasho, kamasi, miayo, kuharisha, mikono inatetemeka. Nikashona mkono wa gauni la bi harusi ndani nje.

"Hasna, mguu umepona," mama akasema. "Sasa we unauguza nini?"

Nikainamia cherehani. Yule bi harusi akachukua kitambaa chake, akapeleka kwa fundi mwingine. Hiyo iliniuma kuliko mguu. Jioni ile nikamwonesha mama mfuko.

Akanipeleka mkoani Muyinga, kwa shangazi yangu wa Gasorwe. Daktari wa huko hakunigombeza. "Usiache ghafla, unaweza kuanguka kifafa," alisema. "Tutapunguza kidogo kidogo. Na dawa ashike shangazi yako."

Shangazi akazifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Nilimbembeleza, hata nikamtukana.

"Tukana, mwanangu, ila mahindi utapukuchua," alinijibu. "Mi nimefuga mbuzi wakaidi kuliko wewe."

Nikapukuchua huku natetemeka, punje zinaruka mpaka uani. "Leo kuku wanakuombea dua," akacheka. Siku moja nikaona punje zote zimeangukia ndani ya ungo. Baadaye daktari akasema basi, sihitaji tena.

Hamu haikuisha siku ile. Bado inakuja, mvua ikinyesha na mguu ukiuma. Lakini alhamdulillahi, nimerudi kwenye cherehani, na ndoto zangu nimezikuta zinaningoja. We unayesoma, kama dawa imekushika, mwambie mtu wako mmoja, kisha mwende kwa daktari. Usione haya, ni ugonjwa. Na dawa iliyobaki usimgawie mtu, hata kwa upendo.

Juzi mama mmoja jirani alikuja na vidonge kwenye kijikaratasi. "Vya mguu wako, mpenzi, nimekuwekea." Mate yalinijaa mdomoni. Nikamshukuru, nikamrudishia.

Alipoondoka nilifunga mlango. Nikaitoa ile sketi, nikashika wembe, nikaufumua mfuko mshono mmoja baada ya mwingine. Pindo likabaki na vitundu vya sindano. Nikakipiga pasi kile kipande cha kitambaa cha mfuko, nikakitia kwenye kapu la viraka.