Kiti Kinachofukuza

Keti kwenye mgahawa wowote wa mji ule, agiza chai, anza mazungumzo. Kabla hamjafika kwenye umbea wenyewe, utajikuta umesogea hadi ukingoni mwa kiti na moyo unakuambia, twende zetu. Watu wana maelezo yao. Wengine wanalaumu sakafu, wengine mbao mbichi, wengine mafundi wavivu wa siku hizi. Wote wamenoa. Viti vile vilichongwa hivyo makusudi, na aliyeanza alikuwa seremala mmoja mwenye karakana nyuma ya soko, fundi hodari, mdomo mchafu, na moyo mgumu kuliko mbao zake.

Mwenye mgahawa alimjia akilalamika. "Fundi, wananimaliza. Mtu anaagiza chai moja, anakaa mpaka jua linazama. Nikimfukuza ataniharibia jina."

"Usimfukuze," seremala akamwambia. "Mwache ajifukuze."

Akapunguza miguu ya mbele ya kila kiti kwa upana wa kidole gumba, akapaka vanishi mpaka pa kukalia pakateleza. Jicho halioni, ila mwili unajua. Mteja anateleza taratibu, anajivuta nyuma, anateleza tena, mwisho anasimama akiamini ni akili yake iliyomtuma. Haukupita muda, migahawa yote ikavitaka, na ofisi pia, hasa zile zenye foleni za wazee wanaofuatilia haki zao. Seremala alikuwa akipita madirishani, akiwaona wazee wanavyohangaika, anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

Angeishia hapo, tungemsamehe. Lakini mama mkwe wake alikuwa na kawaida ya kuja kukaa nao wiki nzima. Kikongwe mwenye nyonga mbovu na hadithi ndefu, na mjukuu wake, mtoto wa seremala, alikuwa habanduki ubavuni pake. Seremala hakumpenda, basi tu.

"Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe," alimwambia mwanawe karakanani, msumeno mkononi. "Mimi nampa kiti. Hebu nishikie hapa, uone baba yako anavyofanya kazi."

Mtoto akashika.

Bibi alikalia kiti kile, akawa anajishikilia ukutani, akasingizia mgongo. Safari iliyofuata aliondoka mapema. Kisha hakuja tena.

"Mama ana nini na sisi?" mke wa seremala aliuliza, machozi yakimtoka.

"Uzee huo," mumewe akajibu.

Kikongwe alifia kwenye chumba cha kupanga, peke yake, hadi majirani wakavunja mlango. Siku habari ilipofika, yule mtu alikula, akaongeza, akashiba. Mimi sijamsamehe mpaka leo.

Miaka ikaenda. Mkewe akatangulia mbele ya haki. Nyonga za seremala nazo zikagoma, mikono ikaanza kutetemeka, mwenye jengo akaitaka karakana yake. Akabaki hana pa kuegemea ila kwa mwanawe, ambaye sasa alikuwa seremala mwenye nyumba yake na mke mpole. Njia nzima mzee alijiapiza: atakula atakachopewa, atalala atakapolazwa, hatamkosoa mtu. Alichotaka ni wamwache akae tu.

Mwanawe alimpokea begi mlangoni. "Karibu, baba. Hapa ni kwako. Nimekutengenezea kiti chako mwenyewe."

Mzee nusura alie kwa furaha. Kiti kilikuwa kizuri, vanishi inang'aa. Akaketi mezani. Mkwewe akapakua chakula, wakaulizana habari za safari. Mara mzee akahisi kitu ambacho hakuna mtu anayekijua kuliko yeye. Akajivuta nyuma. Akateleza. Akainama kama anayeokota kitu, akapapasa mguu wa mbele: umekatwa safi, ukapigwa msasa, vile vile alivyomfundisha. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "hiki kiti..."

"Umechoka, baba?"

"Sijachoka. Sina pengine pa kwenda."

"Bibi naye hakuwa na pengine," mwanawe akamjibu, akimmiminia maji kwa adabu zote. "Mimi ndiye niliyekushikia ile mbao. Unakumbuka?"

Mkwewe, asiyejua lolote, akamsogezea sahani. "Kula, baba, kinapoa."

Mzee alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akaachia mmoja ili achukue kijiko, akaanza kuteleza.